Vitamu vya Baraka: tulizunguka na kikapu na noti ya franka 1000

Mama mmoja wa kikundi chetu alisimama mwisho wa mkutano, tukiwa tayari tunakunja mikeka, akatuuliza swali. Mtoto wake amepanda darasa. Siku ya proklamasio alimwahidi kitu kitamu, na ahadi ya mama ni deni. "Nina franka 1000 tu," alisema. "Ninunue nini, wapi, ambacho mtoto atafurahi na tumbo lisimuume usiku?"

Tulicheka kwanza. Halafu kila mmoja akatoa jibu lake, na hakuna majibu mawili yaliyofanana. Mmoja alisema vitumbua vya njia ya bandarini. Mwingine alisema barafu. Wa tatu alisema bombo za butiki, kwa sababu zimefungwa na hazina nzi. Koko mmoja aliyekuwa amekaa kimya akasema watoto wa siku hizi hawajui hata ndizi iliyoiva. Basi tukaamua watatu wetu tuchukue kikapu, noti ile ile ya franka 1000, na siku tatu za kutembea. Tuliyoyaona ndiyo haya.

Kitamu cha Baraka hakikai nyuma ya kioo. Kiko kichwani mwa mama, ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa, na kinatembea. Ukikifuata saa tano wakati chenyewe ni cha saa kumi na mbili, utasema mji huu hauna kitu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni wapi, uliza ni saa ngapi.

Alfajiri ni saa ya mandazi. Kabla jua halijatoka upande wa Ubwari, mbabula zimeshawaka kando ya barabara kubwa, karibu na soko, karibu na shule, na pale motari wanapongoja abiria. Motari ndio wateja wa kwanza, na tuseme ukweli, ndio wateja wazuri: hawakopi sana na hawana muda wa kubishana. Watoto wa shule wanafuata. Ikifika saa tatu, andazi limepoa, limekuwa gumu, na lililobaki linasubiri chai ya jioni ya mwenyewe.

Tulikula mandazi ya akina mama watano kwa asubuhi mbili. Jambo moja tulijifunza: angalia mafuta kabla ya kuangalia andazi. Mafuta yakishakaangwa mara nyingi yanakuwa meusi, yanatoa povu na moshi mapema, na andazi linatoka na ladha chungu chini ya sukari. Mama mwenye mafuta masafi hafichi karai lake. Mwingine alitusogezea beseni haraka haraka na kusimama mbele ya moto, nasi tukaelewa. Hatukununua, lakini hatukumsema mbele za watu, maana tunajua mafuta yanauzwaje sasa.

Vitumbua ni habari nyingine. Hivi vinahitaji mtu aliyeanza kazi jana. Mchele unalowekwa usiku, unatwangwa au kusagwa, unachanganywa na hamira, yaani levuri kama tunavyosema sokoni, na sukari, halafu unaachwa uumuke. Asubuhi unamiminwa kwenye kikaango chenye vishimo, mafuta kidogo, unageuzwa na kijiti. Watu wa pwani, Dar es Salaam na Zanzibar, wanatia tui la nazi. Kwetu nazi ni adimu, basi wengine wanatia maziwa, wengine iliki, wengine hawatii kitu na mchele wenyewe unatosha. Mchele wa bonde la Mutambala ukiwa mpya una utamu wake. Mama tuliyemkuta njia ya bandarini alituambia anajua mchele wa Mutambala na mchele uliovuka ziwa kwa kuunusa tu, akiwa amefumba macho. Hatukumjaribu, lakini vitumbua vyake viwili tulivila tukiwa tumesimama, tukasahau kuandika.

Tulimuuliza alijifunzia wapi. Akajibu kwa neno moja: Lugufu.

Hapo tulikaa chini. Kwa sababu na sisi, wawili kati ya watatu, tulijifunzia huko huko. Wale waliovuka ziwa wakati wa vita vya 1996 na vya 1998 wanakumbuka. Kambi za Kigoma zilitupa unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Sukari haikuwemo, unga wa ngano haukuwemo. Mama aliyetaka kumpa mtoto kitu kitamu alipunguza unga wake wa mahindi, akabadilishana na wenyeji, akarudi na kikombe cha sukari kimefungwa kwenye pindo la kitenge. Biashara ya mandazi ya kambini ilianza hivyo, kwa kujinyima. Kuanzia 2005 meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma hadi hapa Baraka, tulishuka na masufuria, mabati, magodoro, na ndani ya vile vifurushi vilikuwemo vikaango vya vitumbua. Lugufu ilifungwa 2009. Nyarugusu bado ipo, na ndugu zetu wengi bado wako huko. Lakini ukitaka kujua kambi ilituachia nini, angalia mbabula za Baraka saa kumi na mbili asubuhi. Binti zetu waliozaliwa huku baada ya kurudi wanakaanga kwa mkono wa Lugufu bila kuijua Lugufu.

Sasa tuseme lile ambalo wauzaji wote walituambia kabla hatujauliza. Andazi limekuwa dogo.

Wateja wanalalamika, watoto wanalalamika, hata sisi tulikuwa tunalalamika. Lakini fuata njia ya sukari. Zamani kidogo tulikuwa na kiwanda cha Kiliba, kule karibu na Uvira, mashamba ya miwa yakijaza bonde lote la Ruzizi. Kilisimama katika vita vya miaka ya 1990, na tangu hapo sukari yetu ni ya kuvuka: inatoka ng'ambo ya ziwa, au inazunguka kwa barabara ya Uvira. Upepo ukivuma, boti inangoja. Mvua ikikata barabara, gari linalala njiani. Dola ikipanda, mwenye butiki anapandisha bei asubuhi hiyo hiyo, hata kama mfuko aliununua kwa bei ya zamani. Na unga wa ngano unafuata njia ile ile.

Noti ya franka 100, yenyewe, haijabadilika. Mtoto anakuja na ile ile. Mama hawezi kumwambia mtoto wa darasa la pili kwamba andazi sasa ni franka 130, hakuna chenji ya namna hiyo. Basi kinachopungua ni unga. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa mandazi thelathini ya ukubwa wa heshima. Mama mmoja alikiri anatoa arobaini. Mwingine, kwa kunong'ona, arobaini na tano, na levuri nyingi ili yavimbe. "Ni hewa ninauza," alisema, akacheka hadi machozi yakatoka, na hatukuwa na hakika yalikuwa ya kicheko.

Tulifanya hesabu naye juu ya kipande cha katoni. Thelathini kwa franka 100 ni franka 3000 kwa kilo. Toa unga. Toa sukari. Toa mafuta, toa levuri. Kilichobaki alisema ni faida. Tukamuuliza: na makala? Alinyamaza. Na maji unayolipa mtu akuchotee? Na mandazi yanayoliwa nyumbani na watoto wako wenyewe kabla hujatoka? Katika akina mama watano tuliozungumza nao, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameweka makala ndani ya hesabu. Usingizi hatukuuliza kabisa. Wengi wanaamka saa tisa usiku.

Na ni beseni hilo linalolipa shule. Hatusemi kwa kupamba. Wawili kati ya watano ni wajane, na mmoja mume wake alikwenda kwenye dhahabu, kule milimani, tangu mwaka juzi. Daftari, yunifomu, ada ya watoto wa sekondari, dawa, vyote vinatoka kwenye vile vipande vya franka 100. Kwa hiyo ukimwona mama analinda noti zake chafu kwenye pindo, usimcheke.

Njia moja tuliiona inafanya kazi. Kikundi kimoja cha AVEC, wale wanaoweka akiba kila juma kwenye sanduku la kufuli tatu, kiliacha kukopesha kila muuzaji peke yake pesa ya kununua sukari kwa kopo. Walikopa pamoja, wakanunua mfuko mzima wa kilo 50, wakagawana kwa mizani mbele ya macho ya wote. Kopo la sokoni lina ujanja wake: chini limebonyezwa, na mkono wa muuzaji unajua kumimina kwa namna ya kujaza hewa. Mizani haina ujanja huo. Walituambia ugomvi ulikuwepo siku ya kwanza, kuhusu sukari iliyobaki kwenye kona za mfuko. Siku ya pili wakaamua kona za mfuko ni za chai ya mkutano. Sisi wenye likelemba ya kawaida, ambapo kila mtu anapokea zamu yake na kwenda zake, tungeweza kufikiria jambo hilo.

Mchana mandazi yameisha na jua limesimama juu ya vichwa. Hapo ndipo watoto wanakimbilia barafu: maji ya rangi na sukari, yamefungwa kwenye sashe ndogo nyembamba, yamegandishwa kwenye firigo la mtu mwenye jenereta au sahani za jua. Nyekundu, ya machungwa, ya kijani. Mtoto anauma kona na kunyonya. Hakuna kitu Baraka kinachomfurahisha mtoto haraka kuliko hicho, na hakuna kilichotutia wasiwasi zaidi.

Ni lazima tuseme sababu, kwa kuwa wengine wenu mnaijua habari hii nusu nusu. Mtoto wa mwenzetu mmoja alianza kuharisha usiku, maji meupe kama maji ya mchele. Mama hakungoja kuche. Alimfunga mgongoni, akaamsha motari, akampeleka kwenye matibabu ya kipindupindu. Walimtundikia serumu, na siku ya tatu alirudi nyumbani amekonda lakini anaomba chakula. Mungu asifiwe. Asubuhi iliyofuata majirani wote walikuwa wameshamnyooshea kidole mama muuza barafu, kwa sababu mtoto alikula barafu mchana ule. Mtoto huyo huyo alikuwa ameoga ziwani, na alikula embe bichi bila kunawa. Hakuna aliyelinyooshea kidole ziwa.

Mama yule aliacha kuuza wiki mbili. Ana watoto watano. Tulimtembelea, si kwa kumhukumu, ni mwenzetu. Alituonyesha bidoni zake. Alikuwa anachota pwani, pale pale watu wanapofua na kuoga, maji yakionekana masafi kabisa, na alifikiri kama wengi wetu tulivyofikiri kwamba baridi ya firigo inaua vijidudu. Haiui. Kugandisha kunavifanya vilale tu, barafu ikiyeyuka mdomoni vinaamka. Kinachoviua ni kuchemsha maji hadi yatokote, au dawa ya klorini kwa kipimo chake, na kungoja nusu saa kabla ya kuyatumia. Sasa anachemsha usiku, anaacha yapoe kwenye sufuria lenye mfuniko, anafunga sashe asubuhi mikono ikiwa imenawa kwa sabuni. Makala yameongezeka, faida imepungua. Amerudi kuuza, na mtoto wa mwenzetu, yule yule, amerudi kununua. Mama yake alimruhusu, akaenda naye mara ya kwanza, akaiangalia sufuria kwa macho yake.

Kwa hiyo jibu letu kuhusu barafu ni hili: usiulize rangi gani, uliza maji gani. Muuzaji mzuri hakasiriki. Ni hivyo hivyo kwa jusi ya marakuja, ya tangawizi, na ya nanasi inayouzwa kwenye chupa zilizokwisha kutumiwa. Andazi linalotoka kwenye mafuta ya moto ni salama kuliko jusi ya baridi iliyotengenezwa kwa maji ya ziwa, hata jusi ikiwa ya matunda mazuri namna gani.

Na kwa kuwa tunazungumza sukari, hii nayo muikate muibandike ukutani. Mtoto akianza kuharisha, kabla hujafika kituoni au mkiwa njiani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga hadi viyeyuke. Mpe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika kumi umpe tena. Usizidishe sukari ukidhani itamsaidia zaidi, ikizidi inaongeza kuhara. Chumvi ikizidi ni hatari. Ukiwa na pakiti ya kituo cha afya, tumia hiyo. Na usikae nyumbani nayo: ni ya kufikishia kwa muganga, haichukui nafasi yake.

Siku ya pili tulitoka mjini kidogo, tukafuata njia ya Mulongwe, wanakoishi ndugu zetu wakimbizi wa Burundi. Tulikuwa tumesikia kuna mutobe. Mutobe ni maji ya ndizi mbivu. Ndizi zinaivishwa, zinamenywa, zinakamuliwa kwa mikono pamoja na majani makavu hadi maji yake matamu yatoke yenyewe, bila sukari hata chembe. Mama wa Kirundi aliyetupokea alituhesabia kwa vidole: leo ni ya watoto, kesho ni ya wakwe, kesho kutwa ni ya waume. Maana yake ikikaa inachacha, na tusije tukampa mtoto kasiksi tukidhani ni jusi. Tuliinywa ile ya leo. Ni tamu sana, nzito kama asali nyepesi. Tulimuuliza kama anatia maji akasema hatii, na ile ladha ilimshuhudia.

Huko ndiko tulikopata jibu la koko wetu, lile la watoto wasiojua ndizi. Kwa sababu mama huyo huyo alikuwa anakaanga mandazi ya ndizi. Waganda wanayaita kabalagala na wanayauza kila stendi ya basi. Kwetu yapo tangu zamani, lakini unga wa ngano ulipokuja tuliyaona kama chakula cha watu wa shambani tukayaacha. Hayana sukari, hayana ngano, hayana levuri. Hayajui dola imepanda.

Tulirudi nyumbani tukayajaribu mara tatu, mara ya kwanza yakapasuka kwenye mafuta kama mawingu, kwa hiyo tuwaambie vizuri. Chukua ndizi ndogo za kuliwa, zile tamu, zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi. Hapo ndipo utamu umekamilika. Ndizi ya manjano safi bado. Menya, ponda kwa mwiko hadi kusiwe na vipande. Usitie maji. Tia chembe ya chumvi, halafu unga wa muhogo kidogo kidogo huku unakanda, hadi donge liache kushika mkono. Unga uwe wa muhogo uliolowekwa siku za kutosha na kukaushwa vizuri, si ule wa haraka haraka, maana muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri una sumu. Sukuma unene wa kidole, kata kwa mdomo wa gilasi, kaanga kwenye moto wa kiasi. Moto mkali utayachoma nje na ndani yabaki mabichi, kwa sababu ndizi ina sukari yake na sukari inaungua. Sisi tulikosea kwa sababu tuliweka unga mchache. Mara ya tatu yalitoka mekundu, laini, na yalikaa hadi siku ya pili bila kuwa mawe, jambo ambalo andazi la ngano haliwezi.

Ukikaangia mawese yana ladha nyingine kabisa. Mmoja wetu anapenda, wawili hatupendi. Amua mwenyewe.

Mengine tutayapita haraka. Miwa iko sokoni karibu kila siku, na fundo moja la muwa linamnyamazisha mtoto nusu saa. Nunua usiomenywa, umenye mwenyewe nyumbani kwa kisu chako. Wakati huu wa kiangazi machungwa na mandarina ndiyo yenyewe, maembe mazuri yataanza mvua zikirudi. Karanga za sukari, zile zinazouzwa kwenye vikaratasi vilivyosokotwa, ni nzuri kuliko bombo kwa sababu karanga inamjenga mtoto, na mahali ambapo bado tunaona bwaki hilo si jambo dogo. Ila zisipewe mtoto mdogo ambaye bado hajajua kutafuna, zinaweza kumkaba. Asali ya milimani inateremshwa kwenye chupa siku za soko. Ionje kabla ya kulipa, nyingine imechanganywa na sukari iliyochemshwa. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, hata ya dawa, hata koko akisema sisi tulilambishwa: inaweza kubeba kijidudu ambacho tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana nacho.

Kuna vitamu vya msimu ambavyo hukuti kwa franka yoyote siku ya kawaida. Ramadhani, jioni, karibu na misikiti, utapata kalimati zilizochovywa kwenye sukari iliyochemshwa na iliki, tambi za sukari, tende. Sisi si wote Waislamu katika kikundi, lakini sahani ya Idi imefunikwa kitambaa inavuka ua bila kuuliza dini, na sahani hairudi tupu. Noeli inarudi na kitu. Na gato ya harusi, ile ya ghorofa tatu, wapo akina mama hapa mjini wanaoipika bila tanuri: sufuria kubwa juu ya makala machache, mchanga chini, sufuria ndogo yenye keki ndani, mfuniko, na makala mengine juu ya mfuniko. Siri yote ni makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Ukifungua kuchungulia, imelala. Mmoja alituambia anaimba nyimbo sita za kanisa, na mwisho wa ule wa sita ndipo anafungua. Saa ya mkononi anayo, lakini anasema nyimbo hazijawahi kumdanganya.

Kuhusu butiki, tuwe wakweli bila kutisha watu. Bombo na biskuti zilizofungwa hazina kipindupindu, hilo ni kweli, na mama aliyesema hivyo mkutanoni hakukosea. Lakini bombo inakaa mdomoni muda mrefu, na sukari inayokaa kwenye jino ndiyo inayolitoboa. Na soda: chupa ya sentilita 33 ya zile nyeusi ina gramu karibu 35 za sukari, vijiko vidogo saba au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima angekuwa vizuri asipopita gramu 25 hivi kwa siku nzima. Mtoto ni chini ya hapo. Soda ya sherehe ni soda ya sherehe. Soda ya kila siku kwenye kibuyu cha shule ni jambo lingine, na tumeiona.

Tulirudi kwa mama aliyetuuliza swali, na noti yake. Alikuwa ameshaitumia. Hakungoja siku zetu tatu, mtoto alikuwa anamtazama. Alinunua vitumbua vinne njia ya bandarini, mandarina matatu, na kwa kilichobaki akanunua barafu moja, nyekundu, kwa mama yule anayechemsha maji. Mtoto alianza na barafu.

Jumamosi hii saa nane mchana tunakutana tena kwenye ua ule ule. Tutakaanga mandazi ya ndizi pamoja. Kila mmoja alete ndizi mbivu tano za madoa meusi na kikombe cha unga wa muhogo. Mafuta na makala tumeshapata. Mwenye mizani aje nayo, kwa sababu baada ya kula tutazungumza habari ya mfuko wa sukari wa kilo 50, na nani atashika funguo za sanduku.